Jina la Apolo: Asili Yake, Maana Yake, na Waliolichukua

Masomo: Matendo 18:24 hadi 19:1, 1 Wakorintho 3:4–9, Tito 3:13



Somo la safari hii limetokana na swali. Baba na mama mmoja wa hapa Shelui wanajiandaa kumleta mtoto wao wa kiume ubatizoni, nao wamependa aitwe Apolo. Babu yake mtoto, mzaa baba, hataki hata kulisikia. Amesema, “Mjukuu wangu hataitwa jina la sanamu.” Jirani mmoja akaongeza kwamba hilo si jina la mtu kabisa, ni jina la kile chombo cha Wamarekani kilichokwenda mwezini. Na mzee mwingine, msomaji hodari wa Biblia, akawatisha zaidi: akasema jina hilo limo katika Ufunuo, nalo ni la malaika wa kuzimu. Mama wa mtoto amebaki akilia, baba hajui amsikilize nani, na siku ya ubatizo inakaribia. Tumeombwa tuseme neno.

Twaweza kusema mapema kwamba babu hakukosea kabisa, jirani naye ana lake la kweli, na aliyetaja Ufunuo amechanganya majina mawili. Lakini kila jambo lina mahali pake, basi tuanze na Biblia, maana ndiko jina hili lilikopitia kabla ya kufika kwetu.

Apolo wa Biblia ni Myahudi wa Iskanderia, mji mkubwa wa pwani ya Misri. Yafaa tutulie hapo kidogo. Iskanderia iko katika bara letu la Afrika, nayo wakati ule ilikuwa na Wayahudi wengi sana, wenye masinagogi na shule. Ndiko Agano la Kale lilikoanza kutafsiriwa kutoka Kiebrania kuingia Kiyunani, kwa sababu Wayahudi wa huko walikuwa wamezoea kusema Kiyunani kama watoto wetu mjini wanavyosema Kiswahili tu na lugha ya bibi hawaijui. Watu wa namna hiyo hujipa majina ya lugha ya mji. Hivyo Myahudi huyu, mtu wa sinagogi, mjuzi wa Maandiko, alikuwa na jina la Kiyunani.

Na jina lenyewe ni ufupisho. Jina zima ni Apolonio. Katika nakala moja ya kale ya kitabu cha Matendo, ile wataalamu wanayoiita ya Beza, limeandikwa hivyo zima. Wayunani walikuwa na desturi ya kukata majina marefu, kama sisi tunavyomwita Fredriki “Fredi”. Katika Agano Jipya twamwona Silwano akiitwa Sila, na ni mtu yuleyule. Sasa Apolonio maana yake ni “wa Apolo”, yaani mtu aliye wa mungu wa Wayunani aliyeitwa Apolo, ambaye wao walimhusisha na nuru, muziki, uaguzi na uponyaji. Hekalu lake la Delphi lilikuwa mashuhuri kwa kupiga ramli. Hata wafalme walituma watu kwenda kuuliza huko kabla ya kupigana vita.

Basi babu ana hoja. Asili ya jina ni ya sanamu, hatuwezi kuificha. Tena Kiswahili chetu kimeongeza ugumu, maana Waingereza humwandika mtu wa Biblia kwa herufi s mwishoni, Apollos, na yule mungu wa Wayunani bila s. Kwa Kiswahili ile s imeanguka, na wote wawili wakawa Apolo. Msomaji wa Kiingereza huona majina mawili. Sisi twaona moja.

Kuhusu Ufunuo, jina lililoko katika sura ya 9, mstari wa 11, ni Apolioni. Nalo latokana na neno la Kiyunani la kuharibu na kuangamiza, kama mstari wenyewe unavyoeleza kwa kutaja na jina la Kiebrania kando yake. Ni kweli kwamba Wayunani wenyewe walipenda kuchezea maneno hayo mawili, wakimwita mungu wao mharibifu. Na wapo wafafanuzi wanaosema Yohana alikuwa akimpiga kijembe mungu huyo. Lakini mtu wa Iskanderia hahusiki. Jina la mwalimu wa Korintho haliko katika Ufunuo hata mara moja.

Tumtazame basi mwenye jina. Alifika Efeso yapata miaka ishirini hivi baada ya kufufuka kwa Bwana. Alikuwa msemaji, moyo unamwaka, naye alifundisha habari za Yesu kwa usahihi. Ila alikuwa ameujua ubatizo wa Yohana tu. Prisila na Akila, mume na mke waliofanya kazi ya kushona mahema, walimsikia sinagogini. Hawakumpinga mbele ya watu. Walimchukua pembeni wakamweleza ile njia kwa ukamilifu zaidi. Msomi huyu wa mji mkubwa akakubali kufundishwa na mafundi wa mahema, na mmoja wao mwanamke. Sisi twaona kwamba hapa ndipo penye uzuri wa jina hili, kuliko katika ufasaha wake ambao wahubiri hupenda kuutaja.

Kisha ndugu wa Efeso wakamwandikia barua, akaenda Akaya. Korintho wakampenda mno, mpaka wengine wakajiita watu wa Apolo, wengine wa Paulo, wengine wa Kefa. Paulo alipowaandikia hakumsema vibaya mwenzake. Alieleza kwamba yeye Paulo alipanda, Apolo akatia maji, na aliyekuza ni Mungu. Sisi wakulima wa pamba na mtama tunaoishi ukingoni mwa nyika ya Wembere, ambako mvua ikichelewa wiki mbili watu huanza kuhesabu magunia yaliyobaki ghalani, twaelewa mfano huo bila kufafanuliwa. Baadaye Paulo alimsihi Apolo arudi Korintho, naye Apolo hakutaka kwenda wakati ule; huenda alichoka na kambi yenye jina lake. Mara ya mwisho twamwona katika waraka kwa Tito, akiwa safarini pamoja na Zena mwanasheria, na Tito anaagizwa awapatie mahitaji yao. Martin Luther, ambaye ndugu zetu Walutheri walio wengi hapa Iramba wanamheshimu kama mwalimu wao, alidhani kwamba huyu Apolo ndiye aliyeandika Waraka kwa Waebrania. Ni dhana tu, lakini ina wafuasi hadi leo.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Je, mtume Paulo alimwambia Apolo abadili jina? Hapana. Wala hakumwambia Epafrodito, ambaye jina lake lina jina la Afrodito, mungu mke wa mapenzi. Wala Foibe wa Kenkrea, ambaye jina lake walipewa miungu ya kike ya Wayunani. Wala Artema, aliyeitwa kwa Artemi yuleyule ambaye mafundi wa Efeso walipiga kelele kwa ajili yake saa mbili nzima. Demetrio ana jina la Demeta, mungu wa nafaka. Dionisio wa Athene ana jina la mungu wa divai. Herme wa Rumi ana jina la mjumbe wa miungu. Wote hao walikuwa ndani ya Kanisa la kwanza, wakisalimiwa na mitume kwa majina yao.

Turudi nyuma hata Agano la Kale. Hapa Iramba na katika Singida nzima akina Abednego ni wengi, na hakuna mzee wa kanisa aliyewahi kuwazuia. Lakini fungueni Danieli sura ya 1. Jina lake la nyumbani lilikuwa Azaria, la kumtaja Bwana. Abednego alipewa na towashi wa mfalme wa Babeli, na wataalamu huona ndani yake jina la Nebo, mungu wa Babeli. Na Mordekai, mjomba wa kila mtu katika hadithi ya Esta (ingawa Biblia yasema alikuwa binamu yake), jina lake lafanana na Marduki, mkuu wa miungu ya Babeli. Ikiwa twamkubali Abednego kwa sababu ya tanuru ya moto, bila kuuliza Nebo ni nani, basi Apolo asihukumiwe kwa kipimo kingine. Na kalenda iliyotundikwa katika chumba cha vazi, ile yenye picha ya kanisa, inaanza na Januari, mwezi wa Jano, mungu wa malango wa Warumi, na Machi ni mwezi wa Marsi, mungu wao wa vita. Hakuna anayeichana.

Kanisa la Iskanderia lenyewe, mji wa Apolo, latupa mfano ambao twaupenda kuliko yote. Mwaka 249 wapagani wa mji ule waliwavamia Wakristo. Wakamkamata mwanamke mzee aliyeitwa Apolonia, wakampiga mataya mpaka meno yakang'oka yote, wakawasha moto nje ya mji wakimtaka amkane Kristo. Yeye akaomba waache kumshika kidogo, kisha akajitupa motoni mwenyewe. Habari hizo ziliandikwa na askofu wa Iskanderia wa siku zile, na Eusebio akazihifadhi katika historia yake. Jina la askofu huyo lilikuwa Dionisio. Angalieni jambo hilo: askofu mwenye jina la mungu wa divai anasimulia habari za shahidi mwenye jina la mungu wa nuru, na wote wawili hawakuona haja ya kuyafuta majina yao. Dionisio huyohuyo aliandika mahali pengine kwamba Wakristo wengi wa wakati wake walikuwa wakiwaita watoto wao Paulo na Petro. Desturi ya kuchagua majina ya mitume ilikuwa inaanza, lakini ilikuwa ya mapenzi, si ya amri.

Ndugu zetu Wakatoliki wanayo matawi ya mti huu. Akina Apolinari na akina Apolonia wako wengi Tanzania, nao hutoka shina hilihili la Kiyunani. Mnawajua. Ni hili fupi, Apolo, lililo adimu hapa kwetu.

Mahali lilikostawi ni Uganda. Wasomaji wa kwanza wa Buganda (ndivyo walivyoitwa wanafunzi wa wamishonari, “wasomaji”, kwa sababu kazi yao ilikuwa kusoma) walijifunza kwanza kwa vitabu vya Kiswahili kabla Maandiko hayajatafsiriwa kwa Kiganda. Injili ya Mathayo kwa Kiganda ilitoka mwaka 1887, na Agano Jipya zima likakamilika mwaka 1893. Basi watu hao walipobatizwa walichukua majina ya Biblia kwa uhuru wa ajabu. Hawakuishia kwa Petro na Yohana. Kulikuwa na Ham Mukasa, Semei Kakungulu, Nikodemo Sebwato, Zakaria Kisingiri. Hamu ni mwana wa Nuhu aliyemwona baba yake uchi. Shimei, ambaye huko ni Semei, ndiye aliyemtupia Daudi mawe na kumlaani. Mtu wa siku hizi angesita. Wao hawakusita, nao wakayapa majina hayo heshima mpya.

Katika kundi hilo alikuwamo Apolo Kagwa. Alikuwa kijana wa ikulu wakati Kabaka Mwanga alipowaua wasomaji mwaka 1886, naye aliponea chupuchupu. Mwaka 1889 akawa Katikiro, yaani waziri mkuu wa Buganda, akakaa katika kazi hiyo mpaka mwaka 1926. Mwaka 1902 alikwenda London wakati wa kutawazwa kwa Mfalme Edward VII. Aliandika vitabu vya historia ya wafalme na desturi za Buganda, ambavyo bado vinatumiwa na wataalamu. Mtu mkubwa wa namna hiyo akiitwa Apolo kwa zaidi ya miaka thelathini, hapana ajabu wazazi wa Uganda wakawapa watoto wao jina hilo. Wengine wa baadaye wanajulikana hata kwetu. Obote, Rais wa Uganda aliyekaa uhamishoni Dar es Salaam tangu 1971 hadi 1980, jina lake kamili lilikuwa Apolo Milton Obote, ingawa wengi walijua la Milton tu. Apolo Nsibambi alikuwa Waziri Mkuu wa Uganda kuanzia 1999 hadi 2011. Na katika Kenya, Benaiah Apolo Ohanga ndiye Mwafrika wa kwanza kuwa waziri, mwaka 1954.

Lakini hao ni wakubwa wa dunia, na babu wa mtoto wetu hakuuliza habari za mawaziri. Tumpe basi mtu mwingine, kasisi wa Kianglikana, ambaye tungependa ajulikane Shelui zaidi ya anavyojulikana.

Alizaliwa Buganda yapata mwaka 1864. Hakuitwa Apolo. Aliitwa Waswa, na kila Mganda akisikia jina hilo hajiulizi: huyo ni pacha wa kiume aliyetangulia, na mwenzake ni Kato. Sisi tunaokaa njiapanda ya Wanyiramba, Wasukuma na Wanyamwezi hatuhitaji maelezo marefu. Waswa ni Kulwa. Kato ni Doto. Na kama vile kwa Wasukuma anayezaliwa nyuma ya mapacha ni Shija, ndivyo kwa Waganda alivyo Kiiza. Hata wazazi hupata majina mapya huko: baba wa mapacha huitwa Salongo, mama huitwa Nalongo, na heshima hiyo hawaipotezi mpaka kufa.

Kulwa huyu wa Buganda hakuanza vizuri. Katika vita vya dini vilivyoanza Buganda mwaka 1888 alikuwa kwanza upande wa Waislamu. Alivuta bangi. Alipata kufika Toro mwaka 1891 katika msafara wa Lugard, mwakilishi wa Kampuni ya Waingereza. Mwaka 1895, akiwa mtu mzima wa miaka thelathini hivi, alibatizwa kwa jina la Apolo, na mwaka huohuo akaenda Toro tena, safari hii akiwa mwalimu wa dini. Mkewe alifariki mapema, naye hakuoa tena.

Mwishoni mwa mwaka 1896 akavuka milima ya Rwenzori na bonde la mto Semliki, akafika Mboga, mahali ambapo sasa ni ndani ya Kongo. Walimu wawili Waganda walikuwa wamemtangulia huko, lakini walirudi kwa njaa, maana mtemi Tabaro hakutaka watu wake wawape chakula. Apolo alishika jembe akalima chakula chake mwenyewe. Kazi ikaanza kushika. Kisha likatokea jambo baya: ndugu wa kike wa mtemi aliangukia mkuki uliokuwa umefichika katika nyasi, akafa. Apolo akashtakiwa kwamba amemuua. Akafungwa, akapelekwa kwa Mwingereza mtawala huko Fort Portal, akawekwa gerezani. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba katika mateso yale alimwona Kristo katika maono, akimwambia asiogope kwa kuwa yu pamoja naye. Alipoachiwa huru hakurudi kwao Buganda. Alirudi Mboga, kwa Tabaro. Mwishowe Tabaro akaamini, akabatizwa, naye akachagua jina: Paulo. Ndivyo Mboga ilivyopata kuwa na Paulo na Apolo, wa kwanza mtemi na wa pili mwalimu.

Jina lake la tatu ndilo lililomfanya ajulikane. Juu ya kanzu yake nyeupe alivaa koti jekundu la kiaskari. Watu wakamwita Kivebulaya. Msikilizaji wa Kiswahili atalielewa akilisikiliza polepole: Bulaya ni Ulaya, na jina zima lamaanisha “kitokacho Ulaya”. Ni jina la utani, la kitu na si la mtu. Hapo twaona jambo la kuchekesha na la kufikirisha. Jina la utani la Kiganda ndilo lenye kumtaja Ulaya. Na lile la ubatizo, ambalo watu wengi hudhani ni la Kizungu, ni la mtu wa Misri. Wengi wetu huita majina ya Biblia “majina ya Kizungu”. Apolo wa Iskanderia hakuwahi kuiona Uingereza.

Alipewa ushemasi mwaka 1900 na ukasisi mwaka 1903. Mpaka ulipochorwa upya, Mboga ikaangukia upande wa Kongo ya Wabelgiji, naye akaendelea kuifuata hukohuko. Kuanzia mwaka 1921 alikwenda kwa Wambuti, watu wafupi wa msitu wa Ituri, ambao majirani zao wengi waliwadharau. Mwaka 1922 akafanywa kanoni. Alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Yasimuliwa kwamba aliagiza azikwe kichwa chake kikielekea magharibi, kwenye msitu, kinyume cha desturi, kuonyesha kwamba Injili bado ina safari ya kwenda huko. Tarehe hiyo, 30 Mei, Kanisa la Uingereza humkumbuka katika kalenda yake. Mwaka 1972 dayosisi ya kwanza ya Kianglikana ya nchi ile, ambayo wakati huo iliitwa Zaire, iliwekwa makao yake Boga, mahali palepale pa jembe lake. Na mwaka 2021 watu wenye silaha waliishambulia Boga na kuua watu wengi, na hospitali yake ikachomwa moto. Wanaoomba kwa ajili ya Kongo wapate kujua wanaiombea nyumba ya nani.

Tumwendee jirani na chombo chake. Ni kweli kwamba Wamarekani waliviita vyombo vyao Apollo, na ni kweli kwamba mwaka 1960, jina hilo lilipopendekezwa, lilichukuliwa kwa mungu wa Wayunani, si kwa mwalimu wa Korintho. Mtu wa kwanza alikanyaga mwezi alfajiri ya tarehe 21 Julai 1969 kwa saa zetu, ikikaribia saa kumi na mbili. Mwaka huohuo ugonjwa wa macho mekundu ulienea Ghana, na watu wa huko wakauita Apollo. Majina yana safari zake. Lakini Kivebulaya alikuwa kaburini miaka 36 kabla ya chombo hicho kutua, na Apolo wa Matendo alimtangulia kwa karne nyingi. Aliyetangulia haazimi jina kwa aliyemfuata.

Sasa, je, jina adimu kama hili lina faida? Sisi twaona linayo. Watoto wanaobatizwa siku hizi ni akina Emanueli, Danieli, Elisha, Yohana, na wengi zaidi ni akina Baraka, Neema, Zawadi na Furaha, majina mazuri ya Kiswahili ambayo bibi anayaelewa bila kufundishwa. Mwalimu akiita “Baraka” darasani, watainuka wanne. Jina adimu humfanya mtoto aulizwe, “Huyo alikuwa nani?” Ikiwa nyumbani kuna jibu, vema. Ikiwa hakuna, uadimu wake ni pambo tu, na hapo tunakubaliana na babu kwa nusu: si vizuri kufungua Biblia macho yamefumbwa na kuokota jina lolote ambalo kidole kimeangukia. Kanisa limewahi kuwa na mipaka yake. Mwaka 1281 Askofu Mkuu wa Canterbury, John Peckham, aliwaagiza makasisi wasikubali majina ya aibu kwa watoto, na likipita, askofu alibadilishe wakati wa kipaimara. Lakini Kitabu cha Sala hakina orodha ya majina. Kasisi huwaambia wadhamini wamtaje mtoto, nao humtaja.

Ndiyo sababu hatuoni kwamba babu lazima ashindwe. Tumesikia kwamba angependa mtoto apewe jina la marehemu kaka yake. Hakuna kinachozuia yote mawili yatajwe mbele ya maji, na la ukoo lisiachwe nje ya kanisa kama fimbo. Askofu Yohana Omari, Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Kianglikana katika Tanganyika, aliyewekwa wakfu mwaka 1955, hakulitupa Omari alipokuwa Yohana. Nguvu ya ubatizo haiko katika jina la mtoto. Iko katika Jina lile jingine, la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, ambalo mtoto anabatizwa kwalo. Hata mtoto akiletwa kwa jina la Kulwa peke yake, amebatizwa sawasawa na Petro. Wapo wazazi wanaodhani kwamba bila “jina la dini” ubatizo haukamiliki. Wanaulizia jina mlangoni mwa kanisa, dakika ya mwisho, wakapewa lolote. Tungependa desturi hiyo iishe.

Wanaoshauriana nyumbani na wasome pamoja ile sura ya 18 ya Matendo, babu akiwapo, kabla hawajaja kwa kasisi. Habari za Apolo humo ni mistari mitano tu.

Mwisho ni jambo la kalamu. Jina hili watu huliandika namna tatu: Apolo, Apollo na Apollos. Cheti cha ubatizo kikiwa na moja, cheti cha kuzaliwa kutoka RITA kikawa na jingine, na shule ikaandika la tatu, mtoto atakapofika kwenye mtihani wa taifa au kuomba kitambulisho atatakiwa kuleta hati ya kiapo, na hiyo ina gharama na safari za kwenda Kiomboi. Wazazi wakubaliane namna moja tangu mwanzo, waiandike kwenye karatasi, wampe karani wa kanisa karatasi hiyo mkononi. Biblia yetu ya Kiswahili imeandika Apolo: l moja, bila s.